Siku moja maishani mwangu: bamvua Wasini

Saa kumi na nusu alfajiri. Kabla sijashika simu, nasikiliza. Leo ni bamvua, siku za mwezi ambazo maji hujaa sana na kukupwa sana; maji yamejaa mpaka chini ya jabali nyuma ya nyumba, na kila wimbi likiingia kwenye mwanya wa mwamba hutoa mlio mzito, kama mtu anayegonga mlango kwa kiganja. Hiyo ndiyo saa yangu. Maji yakijaa sasa, yatakupwa kama saa tano kasoro asubuhi na kujaa tena jioni, na kazi yangu ya kuongoza wageni hapa Wasini, kisiwa cha pwani ya kusini ya Kenya, hupangwa humo katikati. Mgeni akiniuliza ratiba ya kesho, namwambia ni ileile, asogeze mbele kama dakika 50. Wengi hucheka wakidhani natania.

Saa kumi na mbili na nusu. Nahodha wetu, ambaye ni ami yangu, keshapanda botini na anatazama kusini. Ni Agosti, upepo wa kusi haujaisha.

"Haya, tutokeni. Adhuhuri hapa patachafuka."

"Ami, bado wageni wawili."

"Waambie bahari haimsubiri mtu."

Wamefika mbio. Wote ni watano, na hawa wawili wamekwisha niambia mara tatu kwamba wamekuja kuona pomboo. Mengine kwao ni nyongeza tu.

Saa mbili. Pomboo tumewapata, sita au saba, na mama mmoja ana mtoto ubavuni. Ami amepunguza mwendo, kisha akazima mashine kabisa. Ndipo ikatokea boti nyingine, ya nani sisemi, ikapita kasi katikati yao ili wateja wake wapige picha. Wote wakazama. Jambo hili huniudhi kuliko mvua. Pomboo anayefukuzwa anakosa kupumzika na kunyonyesha, na wewe unaambulia picha ya maji. Tumekaa kimya robo saa hivi, mashine imezimwa. Wakarudi wenyewe, karibu kiasi cha kusikia pumzi inavyotoka utosini, pfuu, yenye harufu ya samaki. Mmoja pezi lake la mgongoni lina pengo ambalo nalijua tangu mwaka juzi.

Saa nne. Kisite, kisiwa kidogo ndani ya hifadhi ya bahari. Fungu la mchanga linaanza kutokea, na buabua, ndege wa baharini, wamejaa angani juu ya kisiwa. Wao hutaga juu ya ardhi, kwenye mwamba na vijani, kwa hiyo kisiwani hatushuki, mguu mmoja tu unaweza kuvunja mayai. Tunafunga kamba kwenye boya, maana nanga huvunja matumbawe.

Niseme ukweli, msimu wa kusi maji huwa na ukungu. Anayetaka kuona mbali aje wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini. Hata hivyo samaki hapa hawakimbii mtu. Ni hifadhi ya bahari tangu 1978 na kuvua hakuruhusiwi. Ami anakumbuka 1998, bahari ilipopata joto na matumbawe yakageuka meupe kama mifupa. Mengine yalikufa, mengine yamechipua upya. Leo tumeona kasa aina ya ng'amba akimenya sponji kwa mdomo wake wa kasuku, na hakutujali hata kidogo.

Saa saba. Tumerudi tumelowa. Mgeni mmoja ametapika njia nzima. Nyangumi hatukumwona, ingawa ndio msimu wao wa kupanda huku kutoka bahari ya baridi ya kusini kuja kuzaa.

Saa kumi alasiri. Kwangu, hapa ndipo siku inapoanza. Bustani ya matumbawe iko nyuma ya kijiji, na ina njia ya mbao juu kwa juu. Asubuhi ni nchi kavu: minara ya mawe ya kijivu, imechongoka kama meno, na chini yake zulia la majani manene yasiyoogopa chumvi. Mawe hayo ni matumbawe yaliyokuwa hai zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari iliposimama juu kuliko leo. Ukitazama kwa karibu utaona vidundu vya matumbawe bado vimepangwa kama sega la nyuki. Shina la kila mnara limeliwa na maji na konokono wakwanguao mwamba, hivyo mingine imekaa kama uyoga.

Sasa bamvua inaingia. Haiji kwa wimbi; inanyemelea kwenye mikoko, ulimi mwembamba wenye povu kidogo, unajaza shimo hili, kisha lile. Kaa dume mwenye gando moja kubwa anapunga mara ya mwisho, anaingia shimoni na kujizibia mlango kwa tope.

Mmoja wa wale wa pomboo amelala kifudifudi juu ya mbao, uso karibu na maji. Simu ameiacha kwenye begi.

"Haya maji yatatoka saa ngapi?"

"Yatakupwa kabisa saa tano usiku."

Akafikiri kidogo, kisha akauliza kama nina tochi ya ziada.