Nilivyojiandaa kwa mtihani wa Historia na Serikali wa kidato cha nne

Historia na Serikali katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ina karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Ya kwanza inahusu Kenya, ya pili Afrika na ulimwengu. Kabla sijafungua kitabu nilikaa na karatasi za miaka iliyopita nikahesabu alama zinakotoka, na hesabu hiyo ndiyo iliyoniongoza kusoma. Sehemu A ina maswali mafupi 17, yote ya lazima, jumla alama 25. Sehemu B ina maswali manne ya insha, unachagua matatu. Sehemu C ina matatu, unachagua mawili. Kila insha ina alama 15. Kwa hiyo alama 75 ziko kwenye insha tano, na insha zenyewe hazisahihishwi kama masimulizi: zinahesabiwa hoja kwa hoja.

Tazama swali linavyokatwa. Kipande cha (a) huwa na alama 3 au 5 na kinakuomba utaje, basi ni hoja tatu au tano, alama moja kila moja. Kipande cha (b) kina alama 12 au 10 na kinakuomba ueleze, basi ni hoja sita au tano, alama mbili kila moja. Ile alama ya pili ndiyo inayowaponyoka wanafunzi wanaolijua somo vizuri tu, kwa sababu wanataja mahali wanapotakiwa kueleza.

Chukua upinzani wa Wanandi dhidi ya Waingereza, 1895 hadi 1906. Swali ni kwa nini ulidumu muda mrefu hivyo. Ukiandika "Wanandi walikuwa na silaha", hiyo ni alama moja, tena kwa msahihishaji mkarimu. Ukiandika "Wanandi walivamia njia ya reli wakachukua vyuma, wakafua silaha zao wenyewe, hivyo hawakuishiwa vifaa vya vita", hoja imekamilika. Nilijizoesha kila hoja iwe na sehemu mbili: jambo lenyewe, kisha lilivyosababisha kile swali linachouliza. Milima na misitu: iliwafaa kwa kuvizia, na Waingereza hawakuijua nchi. Orkoiyot, yaani kiongozi wao wa kiroho: aliziunganisha koo chini ya amri moja. Magonjwa na hali ya hewa: askari wa Kiingereza walidhoofika, mashambulizi yakakatika. Sentensi mbili kwa hoja zinatosha. Ya tatu inakula dakika bila kuongeza alama.

Hapohapo kwa Wanandi pana mtego ambao naona umewaangusha wengi. Kisa kimoja hutoa maswali matatu tofauti: kwa nini walipinga, kwa nini upinzani ulidumu, na kwa nini walishindwa. Utabiri wa orkoiyot Kimnyole kuhusu nyoka wa chuma, yaani reli, ni jibu la swali la kwanza tu. Misitu ni ya la pili. Kuuawa kwa orkoiyot Koitalel arap Samoei tarehe 19 Oktoba 1905 ni kwa la tatu. Mwanafunzi anayekariri "Wanandi" kama fungu moja huchanganya yote, na hoja nzuri iliyowekwa chini ya swali lisilo lake haipati kitu. Kwa hiyo sikuwa na daftari la mada. Nilikuwa na kadi za maswali.

Kadi nilizitengeneza kwa ukurasa wa daftari la mazoezi uliokatwa mara nne. Mbele swali moja, nyuma hoja sita, kila hoja maneno matatu au manne, basi. Ukiandika zaidi utaishia kusoma kadi badala ya kukumbuka. Jioni nilichukua kadi nane: natazama swali, nasema hoja kwa sauti, nageuza kuangalia. Zilizonishinda zilirudi juu ya rundo kesho yake, zilizokaa kichwani zilisubiri wiki. Kueleza nilieleza kwa Kiswahili, kwa sababu huko ndiko unakogundua kama jambo umelielewa au umekariri tu maneno ya kitabu. Lakini mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo kila Jumamosi niliandika insha moja kamili kwa Kiingereza, saa ikiwa mbele yangu.

Saa ina hesabu yake. Dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa alama. Nilijipangia dakika 30 za sehemu A, dakika 22 kwa kila insha, jumla 110, zikabaki 10 za kukagua. Ugumu uko kwenye insha ya kwanza, ile unayoipenda: unaijua mno, unaandika kurasa tatu, na insha ya tano inabaki na hoja mbili. Dakika 22 zikiisha niliacha nafasi na kusonga mbele, hata kama hoja ya sita bado.

Majina yanayofanana yanahitaji uangalifu. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 wa kugawana Afrika Mashariki na ule wa 1890 huchanganywa kila mara. Njia iliyonisaidia ni kuufuatilia mji wa Witu, karibu na Lamu: mwaka 1886 pwani yake iliangukia kwa Wajerumani, na Sultani wa Zanzibar akabakiwa na ukanda wa maili kumi; mwaka 1890 Wajerumani waliiachia Uingereza Witu, wakaitambua Uganda kuwa ya Waingereza, wao wakapata kisiwa cha Heligoland. Ukijua Witu iko mkononi mwa nani, umejua mkataba.

Vivyo hivyo Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ile ya 1967 ilivunjika 1977, na sababu zake ni za wakati ule: Kenya ilifuata ubepari huku Tanzania ikifuata Ujamaa, Nyerere hakukubali kuketi na Idi Amin baada ya mapinduzi ya 1971, na wanachama walilalamika kuwa Kenya inafaidika zaidi. Ya sasa ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa saini 30 Novemba 1999. Swali la changamoto za jumuiya ya sasa halijibiwi kwa Amin.

Sehemu C ya karatasi ya kwanza ni serikali, na kwangu ndiyo alama 30 zilizo rahisi kuzishika, kwa kuwa majibu yamo ndani ya Katiba yenyewe. Nilisoma Katiba ya 2010 moja kwa moja. Kuna sababu: vitabu vya zamani bado vinazunguka mikononi mwa wanafunzi, na ndani yake utakuta mikoa, wakuu wa mikoa na maeneo bunge 210. Sasa kuna kaunti 47 na maeneo bunge 290. Bunge la Taifa lina hao 290, wawakilishi wanawake 47, wateule 12 na Spika. Mgombea urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24. Ukitaja nusu ya kura ukasahau kaunti, umeacha hoja nzima. Tarakimu hizi niliziandika kwenye karatasi moja nikaibandika ndani ya jalada la daftari.

Kwenye insha kila hoja nilianzia aya mpya na kuruka mstari mmoja baada yake. Msahihishaji anahesabu, msaidie kuhesabu. Pia ile nafasi hukupa mahali pa kuongeza hoja baadaye.

Zile dakika 10 za mwisho sikuzitumia kusoma Kiingereza changu. Nilipitia kila (b) nikihesabu aya: sita kwa alama 12, tano kwa alama 10. Kisha nilikagua namba za maswali, kwa sababu jibu la swali la 19 lililoandikwa 18 ni usumbufu kwa msahihishaji. Mahali palipopungua hoja, nafasi niliyoiacha ilikuwa inanisubiri.