Mililita 12

Wiki ile yote tuliuombea moyo. Mama alikuwa na miaka 74, na vali yake ya aota, mlango unaopitisha damu kutoka moyoni kwenda mwilini, ilikuwa imekakamaa kwa kalsiamu hata kupanda ngazi kukawa kunamkata pumzi. Alipotolewa chumba cha upasuaji na vali mpya, iliyotengenezwa kwa tishu ya ng'ombe, nilikaa nikikodolea macho kioo cha mapigo ya moyo.

Nesi wa zamu ya usiku alikuwa akitazama kwingine. Kila saa aliinama kando ya kitanda, akasoma mfuko wa mkojo, akaandika. Saa 8 usiku niliona ameandika 12. Saa 9 akaandika 10. Nikamuuliza kulikoni.

"Kwa kilo 60 za mama, tunataka angalau mililita 30 kila saa," alisema kwa sauti ya chini. "Hii ni saa ya sita hatufiki hapo. Nampigia daktari."

Asubuhi kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikilegea, ilikuwa imepanda kutoka 1.1 hadi 2.3. Daktari alitueleza kwamba figo hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo mtu akiwa ametulia. Wakati wa upasuaji, mashine iliposhika kazi ya moyo na mapafu, huenda damu haikuzifikia vya kutosha, na figo za mzee hazina akiba kubwa. Kisha akauliza: kabla ya upasuaji alikuwa anameza dawa gani za maumivu?

Diklofenaki, ya magoti. Mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia. Alipoulizwa dawa anazotumia tulitaja za presha tu, maana ile ya magoti hatukuihesabu kuwa dawa. Daktari alisema dawa hiyo huweza kuumiza figo, ila haikuwa sababu pekee. Nilimsikia, lakini usiku huo sikulala.

Siku ya tatu potasiamu, madini ambayo figo huyapunguza kwenye damu, ikapanda, wakamwekea mashine ya kusafisha damu.

"Mwanangu, si mlisema moyo umepona? Hii nayo ya nini?"

"Ni ya figo, Mama. Zimechoka, zinasaidiwa."

Akanishika mkono, akafumba macho.

Alisafishwa damu mara tatu. Siku ya tisa, yule nesi aliniita kwa kidole, akanionyesha karatasi yake: 45. Nilitoka hadi kwenye korido nikampigia kaka yangu, na neno la kwanza nililomwambia lilikuwa, "Amekojoa."