Jina la mtu lipite sikioni kwanza

Sisi tunaotumia Kiswahili kila siku hapa Kampala tuna mazoea yanayotuponza tunapokutana na majina ya wenzetu. Kwa kuwa Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, tunadhani kila jina lililoandikwa kwa herufi zile zile litatii kanuni yetu. Halitii, kwa maana kila lugha ya Uganda ilizipa herufi hizo kazi yake.

Tazama herufi c, ambayo Kiswahili hakiitumii peke yake. Katika Kiacholi, Kilango na Kilugbara ndiyo inayobeba sauti tunayoiandika ch, hivyo Ocen hutamkwa “Ochen”, Candiru “Chandiru”, na hospitali ya Lacor iliyoko Gulu huitwa “Lachor”. Katika zahanati moja hapa mjini nilimsikia mhudumu akiita “Akeni! Akeni!” mbele ya foleni ndefu, na binti aliyeketi karibu nami, ambaye kadi yake iliandikwa Acen, hakuinuka, kwa sababu hakujua kwamba anaitwa yeye. Waliokuja nyuma yake wakaingia kwanza. Niliumia sana, kwani Acen ni jina la pacha wa kike anayezaliwa wa pili, baada ya Apio, na kwao kila mtu anayelisikia hujua mara moja habari ya kuzaliwa kwake.

Kiganda nacho kina mambo yake. K ikifuatwa na i au y hulainika ikakaribia ch, ndiyo maana Kizito husikika karibu na “Chizito”, na Kyagulanyi, ambalo redioni nimelisikia likikatwa “Ki-ya-gu-la-nyi”, huanza kwa “Cha”. Konsonanti zilizoandikwa mara mbili pia si pambo. Katika Balikuddembe, jina la Yozefu Mukasa, shahidi wa imani ya Kikristo aliyeuawa tarehe 15 Novemba 1885, ncha ya ulimi hushika ufizi, pumzi ikazuiwa kidogo, kisha d ikaachiwa kwa nguvu.

Simdai mtu aache lafudhi yake. Waganda, ambao lugha yao haina dh wala haianzi neno kwa sauti ya r, humwita Ramadhani “Lamazani”, nami sioni ubaya wowote. Padri Simeon Lourdel, Mfaransa aliyefika Buganda mwaka 1879, walimwita Mapeera, kwa kuwa ndivyo masikio yao yalivyoyapokea maneno ya Kifaransa “mon père”, yaani “baba yangu”. Walisikiliza, kisha wakatamka kwa kadiri ulimi wao ulivyoweza. “Akeni” halikumpitia mtu yeyote sikioni. Lilitoka kwenye karatasi likaingia mdomoni.

Wapo wanaoshauri kwamba katika maandishi ya Kiswahili tuandike Achen na Chagulanyi ili kurahisisha mambo. Napinga kabisa, kwa sababu tahajia ni mali ya mwenye jina, imo katika kitambulisho na vyeti vyake, na herufi moja ikibadilika anaweza kusumbuliwa benki au kwenye mitihani. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii, na mwalimu wake anaweza kukuta katika darasa moja watoto wa Arua, Lira na Masaka. Siku ya kwanza amwombe kila mtoto ajitaje mwenyewe, naye aandike matamshi kwa penseli pembeni mwa daftari la mahudhurio, bila kuigusa tahajia.