Kombucha: faida yake, na kwa nini uchachu ndio kila kitu

Kombucha ni chai ya rangi yenye sukari iliyochachushwa siku 7 hadi 14. Juu yake huelea “mama”, utando mzito unaoteleza kama nyama ya dafu. Wengi humwita uyoga, lakini si uyoga: ni selulosi iliyofumwa na bakteria, na humo wanaishi bakteria pamoja na hamira. Hamira hugeuza sukari kuwa kileo na gesi, kisha bakteria hukigeuza kileo kuwa asidi ile ile iliyomo kwenye siki.

Ukiambiwa inatibu saratani au inasafisha ini, usiamini. Hakuna utafiti kwa binadamu uliothibitisha hayo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walichapisha jaribio la watu 12 wenye kisukari cha aina ya pili. Walipokunywa mililita 240 kila siku kwa wiki 4, wastani wa sukari yao kabla ya kula ulishuka kutoka 164 hadi 116 mg/dl. Matokeo hayo yanatia moyo, ila kwa watu wachache hivyo, asiache mtu dawa zake. Faida iliyo wazi zaidi ni kuiweka mahali pa soda. Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, na kombucha iliyoiva vizuri huwa na pungufu sana ya hapo.

Chemsha lita 1 ya maji, tia gramu 80 za sukari na gramu 6 za majani (vijiko 3 vidogo). Dakika 5 zinatosha, kwani majani yetu ya punje ndogo hukolea upesi. Chuja. Hiliki na tangawizi zisubiri, mafuta yake humdhoofisha mama. Chai ipoe kabisa. Ikiwa moto, utamuua.

Sasa mtie mama pamoja na mililita 100 za kombucha ya zamani. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanapewa mama na kijiko kimoja tu cha maji yake. Maji hayo yana kazi kubwa kuliko mama mwenyewe, maana yanaitia chai asidi tangu siku ya kwanza, kabla ukungu haujapata nafasi.

Tumia chombo cha kioo. Asidi hula aluminiamu, na vyungu vilivyopakwa rangi ya kung'aa vinaweza kutoa risasi, ambayo ni sumu. Funika kwa kitambaa cha pamba na mpira, si kifuniko, kwa sababu bakteria hawa wanahitaji hewa. Chandarua hakifai, vinzi vya matunda hupenya. Weka kivulini. Kwenye joto la Dar es Salaam anza kuonja siku ya 5. Nairobi mwezi wa Julai, wiki 2 zinaweza zisitoshe. Ukiwa na karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, tafuta kati ya 2.5 na 3.5.

Nyuzi za kahawia zinazoning'inia chini ya mama ni hamira, hazina neno. Ukungu hukaa juu, mkavu, wenye manyoya, mweupe, kijani au mweusi. Ukiuona, mwaga vyote, na mama pia. Kumwosha hakusaidii.

Ukitaka mapovu, jaza chupa, ongeza kipande cha tangawizi au juisi kidogo ya pasheni, funga siku 2. Chupa moja iwe ya plastiki: ikiwa ngumu ukiibonyeza, zote ziende kwenye friji. Za kioo zikisahaulika nje hupasuka.

Anza na mililita 120 kwa siku, mbali na mlo, kwa kuwa chai hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye chakula. Wajawazito, watoto wadogo, wenye kinga dhaifu na wagonjwa wa figo au ini wasiinywe. Na asiyegusa kilevi ajue kwamba kileo kimo: ya nyumbani inaweza kuvuka asilimia 1, hasa ikikaa ndani ya chupa iliyofungwa.