Kulala kwa saa ya Nairobi kwenye ndege ya New York

Jumapili jioni. Ushauri unaorudiwa kuliko wote kuhusu safari ndefu ni huu: ukikaa tu kitini, rekebisha saa yako iwe ya kule unakokwenda, kisha uishi kwa hiyo. Kwa ndege ya usiku kutoka Nairobi kwenda New York siukubali hata kidogo, na leo nimeamua kuandika kwa nini.

Hesabu ni nyepesi. Safari hii ya moja kwa moja, ambayo Kenya Airways waliianzisha tarehe 28 Oktoba 2018, huondoka JKIA usiku, huchukua karibu masaa 15, na kutua JFK asubuhi. New York iko nyuma yetu kwa masaa 7 kwenye kiangazi chao na 8 wakati wa baridi. Ukiruka saa tano na nusu usiku, kule kiangazi ni saa kumi na nusu alasiri. Anayefuata saa ya kule atasema bado mapema, atamaliza filamu mbili tatu, kisha ataanza kujiandaa kulala kule kukifika saa tano usiku. Wakati huo kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Mwili haujui habari za New York; joto lake limeanza kupanda na unajiandaa kuamka. Anafumba macho, anageuka huku na huku, usingizi haupo. Akitua, ana siku nzima mbele yake na foleni ya uhamiaji juu yake.

Kwa hiyo lala kwa saa ya Nairobi. Masaa sita au saba ya kwanza ndiyo usiku wenyewe. Utakachopata baadaye, hata saa moja ya kusinzia kabla ya kutua, ni nyongeza.

Kinachovuruga mpango huu ni chakula. Sinia huanza kupita ndege ikishatulia angani, na mpaka vyombo vikusanywe na taa zizimwe, masaa mawili yamekwenda. Kula nyumbani saa moja jioni, ushibe kawaida, usishindilie. Mwambie mhudumu mapema kwamba hutakula usiamshwe, na funga mkanda juu ya blanketi, si chini yake. Sehemu ya kwanza ya safari hukatiza kanda ya ikweta yenye mawingu ya radi, taa ya mkanda huwaka mara kwa mara, na mhudumu asipouona mkanda wako atalazimika kukugusa bega.

Chai na kahawa zikome alasiri. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya masaa kama matano, kwa hiyo kikombe cha saa mbili usiku pale uwanjani bado kinafanya kazi saa saba. Pombe nayo hukuwahisha kulala na kukuamsha mapema. Watafiti wa Ujerumani walichapisha mwaka 2024 matokeo ya kuwalaza watu waliokunywa katika chumba chenye kanieneo ya hewa kama ya ndege: oksijeni kwenye damu ilishuka na mapigo ya moyo yakapanda, hata kwa vijana wazima.

Sasa kiti. Anayetaka kulala achukue dirishani, karibu na bawa, ambako mtikisiko hupungua. Safu ya mwisho iepuke: vyoo viko karibu, na mara nyingi mgongo wa kiti haulali vizuri. Safu ya mbele kabisa ina nafasi ya miguu, lakini ndiko vinakofungwa vitanda vya watoto wachanga, na sehemu za kuwekea mikono haziinuki. Dreamliner, ndege ya Boeing 787 inayotumika kwenye safari hii, haina pazia la dirisha. Kioo hutiwa giza kwa kitufe, na giza lake si kamili. Beba kiziba macho chenye vikombe, kisichogusa kope.

Mto wa shingo ndio ununuliwao sana na kutumiwa vibaya sana. Ule wa umbo la kiatu cha farasi una sehemu nene nyuma ya shingo. Ukiuegemea kitini, unene ule unasukuma kichwa mbele, na misuli ikilegea kidevu kinaangukia kifuani. Hapo ndipo unaposhtuka. Ugeuze: sehemu nene ije chini ya kidevu, au upande wa dirisha, na nyuma pabaki wazi. Ujaribu nyumbani kabla ya safari. Kaa kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani, legeza shingo kabisa. Kidevu kikifika kifuani, mto huo haukufai, hata uwe wa bei gani. Halafu kuna kitu ambacho abiria wengi hawakigusi kabisa: kiegemeo cha kichwa kwenye viti vingi huvutwa juu na masikio yake hukunjwa ndani. Kivute mpaka kiguse kisogo, si shingo, ndipo ukunje.

Nyonga nazo zirudi nyuma hadi mwisho wa kiti. Ukiteleza mbele hata kidogo, kiuno kinabaki hewani, na asubuhi utajua. Hapa kikoi kinashinda vifaa vingi vya dukani: kunja unene wa vidole vinne, weka juu kidogo ya usawa wa mkanda wa suruali, kisha egemea. Beba na kanga ya kujifunika, maana blanketi la ndege halifiki popote.

Miguu ikining'inia, ukingo wa kiti hubana nyuma ya mapaja na ganzi huingia. Weka chini ya nyayo begi laini lenye nguo, kimo cha sentimita kumi hivi, na lirudi chini ya kiti cha mbele wakati wa kuruka na kutua. Soksi za kubana ziwe za kufika chini ya goti, pakiti iandikwe 15–20 mmHg (kipimo cha mbano), na ukubwa uchaguliwe kwa kupima kifundo na shavu la mguu asubuhi, kabla miguu haijavimba. Zivae kabla ya kutoka nyumbani. Zikijikunja chini ya goti zinageuka kamba ya kufungia damu, kwa hiyo zinyooshe kila unaporudi kutoka chooni. Na chooni nenda na viatu. Yale majimaji sakafuni si maji.

Soksi si urembo. Matokeo ya utafiti ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 yalionyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka karibu mara mbili baada ya safari ya masaa manne au zaidi, ingawa kwa mtu mzima wa afya ni kama mmoja kati ya 6,000. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango au aliyewahi kuganda damu amuone daktari kwanza. Na ndiyo sababu sipendi vidonge vya usingizi angani: vinakulaza masaa mengi bila kujigeuza.

Vizibo vya masikio vya sponji: viringisha kati ya vidole mpaka chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono mwingine, ingiza, shikilia kwa sekunde 30 kivimbe humo ndani. Wengi hukisukuma bila kukiviringisha, kikatoka baada ya dakika kumi.

Viondoe ndege ikianza kushuka, na uwe macho. Hewa ndani ya Dreamliner huwekwa kama ya mwinuko wa futi 6,000 hivi, na JKIA yenyewe iko zaidi ya futi 5,300, kwa hiyo kupanda kutoka Nairobi masikio hayahisi sana. Kushuka JFK, usawa wa bahari, ndiko kunakouma. Tafuna kitu, meza mate.

Kurudi, mambo yanageuka. Unaanza usawa wa bahari, na gesi tumboni hupanuka kwa karibu robo. Maharage na soda yasubiri Nairobi. Ndege huondoka mchana na kutua kwetu asubuhi, kwa hiyo safari hii saa ya Nairobi na saa ya unakokwenda ni moja, ila mwili sasa uko New York. Amka mapema sana siku ya kuondoka, kama saa kumi alfajiri, ule cha kwanza kinacholetwa, kisha ufumbe macho Nairobi ikifika saa nne usiku, hata kama nje ya dirisha jua bado halijazama.