Orodha ya vyumba

Bukavu, Jumapili jioni

Penseli, kifutio na karatasi ya vyumba. Waseminari, vijana wanaosomea upadre, wanatoka majimbo sita ya Kanisa Katoliki ya kanda yetu: Bukavu, Goma, Butembo-Beni, Uvira, Kasongo na Kindu. Wanakuja na Mashi, Kinande, Kihunde, Kilega, Kifuliiru, Kinyarwanda, na kila mmoja na Kiswahili cha kwao.

Katika chumba cha watatu siweki wawili wa lugha moja. Wawili wakizoea kusemezana kikwao, wa tatu anakuwa mgeni kitandani pake, na Noeli haifiki kabla hajaomba kuhama, akitaja taa inayowashwa usiku. Kabla ya kumhamisha, uliza humo wanaongea lugha gani usiku.

Mezani hesabu ni nyingine. Meza ya watu wanane ibadilishwe kila baada ya wiki nne. Ukibadilisha kila wiki, wanabaki na adabu ya wageni. Ukiacha muhula mzima, meza inageuka kijiji. Timu ya jikoni nayo iwe ya majimbo matatu, maana aliyezoea bugali wa mihogo akipewa wa mahindi siku kumi mfululizo, anashiba lakini hajioni kwao.

Panaponitia hofu ni kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka. Kijana aliyelelewa asimtazame mkubwa machoni anainamisha kichwa, na mlezi aliyekulia kwingine anaandika: "anaficha jambo." Mwenzake, ambaye kwao kijana husema wazi mbele ya wazee, anaandikiwa "hana utii." Neno moja la namna hiyo linamfuata hadi kwa askofu wake, na wito unaweza kuishia hapo. Ndiyo maana nashikilia kwamba ripoti itaje tendo: "ameacha zamu ya kuosha vyombo mara tatu mwezi wa pili," pamoja na jina la aliyeona. "Kiburi" lisiandikwe mpaka mlezi wa pili, asiye wa lugha ya yule wa kwanza, awe ameona jambo lilelile. Na kijana asomewe ripoti kabla haijatumwa.

Kura ya doyeni, kiongozi wa waseminari, ni rahisi zaidi. Jimbo lenye vijana wengi likishinda kila mwaka, wale wachache wanaacha kugombea. Doyeni na msaidizi wake watoke majimbo tofauti, basi.

Kwa wanaoona haya ni mambo madogo, nawaza Buta, seminari ndogo ya Burundi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 wenye silaha waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa. Waliuawa 40. Alfajiri ile haikuwa na nafasi ya kumfundisha mtu chochote. Walezi wao walikuwa wameshawazoeza kuzungumzia ukabila waziwazi. Seminari inayokataza hata kutaja kabila haimalizi kitu: maneno yanahamia vyumbani, taa zikishazimwa.

Kwa hiyo saa moja kila mwezi, vikundi vya watu sita. Waanze na namna kwao wanavyozika, wanavyotoa majina, wanavyopatanisha ndugu waliogombana. Vita na ardhi vingoje mpaka kikao cha nne; vikiletwa mapema, kila mtu anatetea watu wake na hakuna anayesikiliza.

Chumba cha 9 bado kina nafasi moja. Humo yuko Mushi, wa Mashi, na Munande, wa Kinande. Namweka wa Kindu.