Venye napima finishi ya shafti na kamera ya simu hapa Kisumu

Huku kwetu kazi kubwa ya leth, mashine ya kukereza chuma, ni shafti, za pampu, za posho mill, na zile zinatoka kwa viwanda vya sukari upande wa Muhoroni, na siku hizi mteja anakuja na droingi imeandikwa Ra 0.8 kwa hiyo huwezi kupitisha ukucha tu juu ya chuma useme iko sawa. Ra ni wastani wa venye vilima na mabonde ya uso wa chuma yanaachana na mstari wa katikati, na inahesabiwa kwa maikroni, yaani milimita moja ukiigawanya mara elfu. Pale oili sili, ile raba ya kuzuia oili isivuje, inakaa wanataka kitu kama 0.2 hadi 0.8, ikizidi hapo mdomo wa sili unaliwa, ikiwa laini kupita kiasi oili haishiki na sili inaungua.

Mashine ya kupima yenyewe ina sindano ya almasi inatambaa juu ya chuma, ni kitu safi sana lakini bei yake si ya karakana ndogo. Mimi natumia simu, kalenzi ka makro kale ka kubana kwa kamera, tochi ya LED, na katoni nimepaka rangi nyeusi ndani, picha naifungua na ImageJ, programu ya bure kutoka Marekani ambayo watu wa maabara hutumia kuangalia seli.

Kazi yote iko kwa taa, hapo ndio naomba mtu asikize vizuri. Mistari inayoachwa na tuli, kile chuma cha kukata, huzunguka shafti, kwa hivyo taa inafaa itoke upande wa kichwa cha shafti, iwe chini kabisa karibu iguse chuma, ndio kila kilima kitupe kivuli chake. Kamera inakaa wima juu. Unapanguza oili yote, unafunga fokasi na mwangaza wa kamera kwa sababu ukiiachia simu itajirekebisha yenyewe na picha mbili za chuma kimoja zitakuja tofauti. Na kwa sababu shafti ni mviringo pande zinaingia giza, so nakata ukanda mwembamba tu wa pale juu katikati. Rula ya chuma naweka kando, kimo kimoja na uso, ndio nijue milimita moja ni pikseli ngapi.

Nikichora laini kwa urefu wa shafti programu inanipa mawimbi. Kama fidi, yaani milimita ambazo tuli inasonga kila shafti ikizunguka mara moja, ilikuwa 0.2 vilele lazima viachane 0.2, nikiona vingine havifuati huo mpangilio najua tuli imechoka au kazi ilitetemeka. Hesabu ya kitabu ni fidi mara fidi, ugawanye kwa 32 mara nusu kipenyo ya ncha ya tuli, yote kwa milimita, kisha jibu mara elfu iwe maikroni, yaani fidi 0.2 na ncha 0.8 inakupa Ra karibu 1.6, ukipunguza fidi nusu inashuka hadi robo, 0.4. Hiyo ni kama tuli ni mpya na imekaa imara, na kwa chuma laini mara nyingi Ra haishuki hadi hapo.

Sasa picha haioni kina, inaona mwanga na kivuli tu. Ndio maana nilikereza vipande vya chuma kile kile kwa fidi tofauti, nikavipeleka kwa maabara vikapimwa na sindano, nikapiga kila kimoja picha ndani ya katoni na kuandika rangi ya kijivu inatawanyika kiasi gani, ImageJ inakupa hiyo namba moja kwa moja. Shafti mpya naiona imeangukia kati ya vipande gani, basi namwambia mteja ni kati ya 0.8 na 1.6, simpi desimali za uongo.

Chuma kikibadilika, stenlesi kwa mfano, nakereza vipande vingine. Shafti za kugraindi, zile zinasuguliwa na jiwe, bado sina vipande vyake, mistari yake ni mifupi na haina mpangilio wa fidi, hizo na kazi zote za kutaka cheti zinaenda kwa sindano.